Kuskus ya Nahodha

"Ijumaa hii nahodha wa mabingwa atakaa kwenye godoro la sebule yangu, atakula kuskus ya nyumbani kwangu, na ataomba kuongezwa. Asipokula, mke wangu Hniya ni haramu kwangu!"

Hayo aliyasema Maati kinyozi katika mkahawa wetu wa Derb Sultan, Casablanca, akiwa amesimama juu ya kiti, maana Mungu hakumjalia kimo cha kutosha kujigamba akiwa chini. Alisema mbele ya mkahawa mzima. Hata waliokuwa wanacheza karata waliacha karata zikaning'inia hewani.

Huwezi kumwelewa Maati bila kulielewa Kombe la Agosti, na Kombe la Agosti lenyewe halikuwa na mengi ya kueleweka. Ni miaka ile ya televisheni isiyo na rangi. Kila mwaka, joto likishakausha hata mate, wakubwa wa jiji walialika timu zilizotwaa ubingwa huko kwao: moja ya Amerika Kusini, mbili za Ulaya, na moja yetu ili mwenyeji asione haya. Magazeti yaliandika "Mabingwa wa Dunia Mjini Kwetu". Mabingwa wenyewe walishuka kwenye ndege na kaptula na miwani ya jua, kama wenye shamba waliokuja kuangalia kama zabibu zimeiva. Neno "kirafiki" lilikuwa limeandikwa kwenye tiketi, na wao walilisoma vizuri kuliko sisi: maana yake ni kwamba hakuna haja ya kukimbia. Mtu aliyefunga mabao kwenye theluji kwao, kwetu alitembea uwanjani kama aliyedondosha ufunguo. Na kombe lenyewe lilikuwa kubwa hata ungeweza kumwogesha mtoto ndani yake. Kwa kawaida kombe likiwa kubwa hivyo, ujue mechi ni ndogo.

Lakini Maati aliliabudu. Duka lake lilikuwa jembamba kama ala ya kisu, na ndani yake mlikuwa na kitu kimoja tu cha maana: kiti cha kunyolea, cha nikeli na ngozi nyekundu, kinachozunguka na kupanda kwa kukanyaga pedali. Mfaransa mmoja alikiacha alipofunga virago baada ya uhuru. Kuta zote zilikuwa picha za magazeti, na kila picha ilikuwa na hadithi. Kipa huyu alinyolewa hapa. Winga yule aliketi hapa, akalia kwa raha. Refa wa fainali fulani naye alipita, siku ambayo mvua ilinyesha na kwa bahati mbaya hapakuwa na shahidi.

Sisi tulimwacha. Mtaa bila mwongo ni kama chai bila nanaa. Aliyeshindwa kumwacha ni Thami mchinja nyama, jirani yake ukuta kwa ukuta, mtu mwenye tumbo la kadhi na ulimi wa mama mkwe.

Jumapili ile, kabla kombe halijaanza, Thami alimchokoza, akianza kwa "Si", ambalo kwetu ni "Bwana".

"Si Maati, yule kipa uliyemnyoa mwaka juzi, mbona kwenye gazeti alikuwa na nywele mpaka mabegani?"

"Nilimpunguza pembeni."

"Na yule beki mwenye upara?"

"Huyo nilimnyoa."

"Ahaa! Ndiyo maana ana upara."

Mkahawa ukapasuka kwa kicheko. Maati akawa mwekundu kama kile kiti chake.

"Cheka, Thami. Mwaka huu wanakuja Halvik, mabingwa wa kaskazini. Nahodha wao atakuja kwangu."

"Kwako? Wewe hata mbwa wa mtaa akitaka kunyolewa anavuka barabara."

"Atakuja!"

"Apa."

Hapo ndipo alipopanda juu ya kiti. Mdomo humponza kichwa, wanasema. Wa Maati ulimponza mkewe.

Serikali ilikwisha kuandika katika sheria yake kwamba kiapo cha namna hiyo hakivunji ndoa. Sawa. Lakini serikali haikai Derb Sultan. Kwetu, mwanamume akiapa haramu na kiapo kikamwangukia, hata muuza nanaa atamwuliza asubuhi mkewe amehamia kwa nani.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Mimi nilikuwa ghorofa ya juu yao, na ngazi za nyumba zetu hazifichi siri, kwa hiyo nilisikia yote bila kutega sikio.

"Salamu aleikum, Hniya."

"Aleikum salamu, Si Maati. Nasikia mimi siku hizi ni sahani ya kuskus."

"Nani kakwambia?"

"Uliza nani hajaniambia."

"Nahodha atakuja, wallahi."

"Anakujua?"

"Atanijua."

"Hukuapa kwa kiti chako. Hapana, kiti kina thamani. Umeapa kwa mkeo."

Maati alikohoa. Alikuwa na kikohozi maalumu cha kukimbilia.

Lalla Hniya, yaani Bibi Hniya, alikuwa mtu wa mashamba ya Dukala, mikono mikubwa, maneno machache. Alijifunza kushona kwa masista kabla hajaolewa, na alikuwa anakunja mapindo ya suruali za mtaa mzima kwa sindano ya mkono, macho yakimuuma. Alitaka cherehani. Hakuwa mtu wa kumlilia mumewe, kwa hiyo alinunua mwanakondoo, akampandisha kwenye paa letu, akamlisha maganda ya tikiti na makombo ya mkate, akingoja Idi ili amuuze kwa bei nzuri. Kondoo akanenepa, pembe zikajikunja. Hakumpa jina la kondoo. Alimwita Cherehani. Ungemsikia jioni akipanda ngazi na beseni: "Naenda kuipa Cherehani maji." Tukazoea. Hata mimi nilikuwa nikikutana na yule mnyama juu ninamsalimia, "Cherehani, hujambo?"

Sasa, Halvik walifikia kwenye hoteli kubwa ya karibu na bahari. Mlangoni pa hoteli hiyo alisimama Bouazza, jitu la milimani lenye koti jekundu na vifungo vya shaba, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha watu kama Maati hawaingii. Jumatatu Maati alikwenda na kitana mfukoni. Jumanne alikwenda na kitana na pafyumu. Jumatano, siku ya mechi ya kwanza, aliita jina la nahodha kutoka jukwaani mpaka sauti ikamkauka, na nahodha alikuwa amekaa benchi, amevaa kofia iliyomficha uso, anakula aiskrimu. Mambo ya kirafiki hayo.

Alhamisi asubuhi Hniya alikwenda hamamu kuoga, kama Alhamisi zote. Nikakutana na Maati kwenye ngazi, amemkumbatia Cherehani kama bibi harusi, amemfunika shuka.

"Si Maati, unampeleka wapi?"

"Kutembea."

"Kondoo?"

"Na yeye ana haki."

Akampakia kwenye mkokoteni na kuelekea baharini. Nikamfuata. Kuna mambo mtu hawezi kuyakosa hata akiwa na mtihani.

Kwa wasiokuwa na bahati ya kukua kwetu: ukitaka jambo kwa mtu mkubwa naye hakusikilizi, unachinja mnyama kwenye kizingiti chake. Hapo, kwetu tunasema, umemtupia ari. Akikukatalia, ile damu itamdai, yeye na nyumba yake. Watu wamesamehewa kuua kwa njia hiyo. Watu wamepewa mabinti waliokuwa wamenyimwa. Ni silaha nzito, haitumiki kwa upuuzi, na mtu aliyeitupa haruhusiwi kuonja hata figo.

Maati aliitumia kwa mwaliko wa chakula cha mchana.

Alimlaza Cherehani kwenye marumaru nyeupe ya mlango wa hoteli, kichwa kibla, akasema bismillahi, akapitisha wembe wake wa kazini. Damu ikakimbia mpaka kwenye zulia. Akainua mikono.

"Hii ni ari yangu kwa nahodha wa Halvik!"

Wakati huohuo lifti ikafunguka na mabingwa wakatoka na mataulo yao kwenda kuota jua. Mmoja alipiga picha. Mmoja alitapika kwenye chungu cha maua. Waliobaki waliiruka ile damu kama watu wanaoruka dimbwi la mvua, wakapanda basi, wakaenda zao baharini. Ari haikumgusa hata mmoja. Ingewagusaje? Kwao kondoo ni sweta.

Lakini Bouazza alikuwa amebadilika rangi. Mpishi alitoka jikoni, akaona, akashika kichwa. Akina mama wa dobi wakaanza kunong'ona dua.

"Maati," Bouazza alisema taratibu, "mlango huu anasimama nani asubuhi mpaka jioni?"

"Wewe."

"Damu imemwagikia viatu vya nani?"

Maati akatazama viatu. "Vyako, Si Bouazza."

"Basi umemtupia nani ari, ewe mtoto wa balaa? Yule mtu wa barafu, au mimi mwenye watoto sita?"

Hilo ndilo kosa ambalo Mzungu hawezi kulifanya hata akijaribu: Maati alimlenga nahodha akampiga bawabu. Bouazza hakuweza kukataa. Angelala vipi? Aliapa papo hapo, huku anafuta viatu kwa leso, kwamba kesho mgeni atakuja. Nyama ikagawiwa kwa akina mama wa dobi. Maati akarudi na mkokoteni mtupu, anapiga mluzi.

Hniya alirudi kutoka hamamu, mashavu yanang'aa, akapanda paani na beseni. Tulimsikia akiita mara moja. Aliposhuka alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, katikati ya ua, akimsikiliza mumewe akieleza jinsi mambo yalivyokwenda vizuri.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza. Kesho upike."

"Nitapika. Sitaki watu waseme kiapo kilivunjwa na mkono wangu."

Na alipika. Kuskus ya mboga saba, chembe za ngano laini kama mchanga wa pwani, na samli, na mtindi baridi. Baada ya sala ya Ijumaa mtaa ulijaa kama harusi. Bouazza akatokea kona ya barabara, bila koti lake jekundu akionekana mdogo kidogo, na nyuma yake jitu la kizungu lenye masharubu ya manjano na jaketi la Halvik. Wanawake wakapiga vigelegele. Masharubu yalikuwa yaleyale ya picha iliyobandikwa juu ya kioo cha Maati, au yalifanana vya kutosha. Picha ya gazeti ilikuwa imerushiwa povu la sabuni mwaka mzima.

Hakuna aliyemwuliza jina. Kwetu mgeni haulizwi yeye ni nani kabla hajala, ni kama kumwambia onyesha kibali. Na akishakula, nani ana uso wa kuuliza? Tulimwita "Nahodha", naye akacheka na kupiga kifua na kusema, "Arne." Tukakubaliana kwamba Arne ni jina zuri la nahodha.

Alikula kama mtu aliyeachiwa kutoka jela. Aliongezwa, akaongezwa tena, akakwangua sinia upande wake akahamia upande wa Thami. Thami, ambaye hajawahi kushindwa na mtu mezani, alisogea.

Kisha vikaja vitu vidogo. Baada ya kunawa, mgeni aliyachukua mataulo yetu yote, akayakunja manne manne, kona kwa kona, akayapanga. Alipofika mlangoni aliinama, akavichukua viatu vya wageni vilivyokuwa vimerundikana, akavipanga jozi kwa jozi, ncha zikitazama nje, na kimoja kilichokuwa na tope akakifuta kwa kiganja.

"Mnaona?" Maati alinong'ona, machozi yanamlenga. "Unyenyekevu wa mabingwa!"

"Subhanallah," mzee mmoja alisema. "Hawa wamekaribia Uislamu."

Hniya alikuwa amesimama mlango wa jikoni na birika la chai. Aliyatazama yale mataulo kwa muda.

"Mtu huyu," alisema, "ana kazi." Akarudi ndani.

Maati alimpeleka mgeni dukani, akamkalisha kwenye kiti, akakipandisha mpaka juu, akakizungusha ili mtaa wote uone. Watu walipiga makofi. Arne, juu huko, alitoa kitambaa mfukoni akaanza kung'arisha nikeli ya mkono wa kiti. Maati alizunguka siku ile na kesho yake akiwa amevaa jelaba, kanzu yake ya Idi. Alimpita Thami bila kumsalimia, na Thami, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alimwamkia wa kwanza.

Jumapili ndiyo ilikuwa fainali. Mkahawa ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya friji. Maati alipewa kiti cha mbele, chai yake bure. Wanawake walikusanyika kwa Lalla Batul, yeye peke yake mwanamke wa mtaa mwenye televisheni. Timu zikatoka. Halvik mbele, na mbele kabisa nahodha, kitambaa cha unahodha mkononi: mtu mfupi, mweusi wa nywele, pua imebabuka kwa jua. Masharubu hakuna. Alikuwa ameyanyoa kwa sababu ya joto, na kwa hakika si kwenye kiti chetu.

"Huyo ni nahodha msaidizi," Maati alisema.

Mechi ilianza, kama kutembea kule kunaitwa mechi. Baadaye kidogo mmoja wa mabingwa alijikwaa kwenye nyasi akalala chini kusubiri kuhurumiwa. Kamera ikaenda pembeni. Akatoka jitu mbio mbio, masharubu yanapepea, ndoo mkono mmoja na sifongo mkono mwingine, na begani rundo la mataulo yaliyokunjwa manne manne.

Mkahawa mzima ukageuka kumtazama Maati.

Thami aliinuka taratibu, akaweka mkono begani kwa Maati kwa upole wa mtu wa msibani.

"Si Maati, nahodha wako anamwaga maji."

"Mabingwa hupokezana kazi," Maati alisema.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye friji. Baba yangu, ambaye hakucheka hata siku nilipomwambia nimeacha chuo, alilia machozi. Bouazza alipokuja kuulizwa baadaye alijibu bila aibu: "Ari iliniangukia mimi. Nahodha alikataa, akasema tumbo lake haliwezi vyakula vya watu. Nilimleta niliyemweza. Na mshukuruni Mungu, yule ndiye mtu pekee katika ile timu aliyekimbia wiki nzima."

Maati alipofika nyumbani alikuta godoro lake kwenye ngazi za kuelekea paani, na mto juu yake, na juu ya mto, kitana.

"Hniya!"

"Usiniite hivyo. Mimi ni mwanamke wa watu. Sema Lalla."

"Lalla Hniya, serikali imesema kiapo kile si kitu."

"Serikali haikupanda juu ya kiti mkahawani. Kalale."

Akalala paani, kwenye banda la Cherehani, maana ndilo lenye kivuli. Asubuhi Thami alipaza sauti kutoka mlangoni pake:

"Vipi huko juu, ndugu yangu? Wanakulisha?"

"Niache!"

"Usinenepe sana tu. Idi iko karibu."

Siku zikapita, na akazidi kulala huko. Nilipokuwa ninaanika nguo alinieleza kwamba hewa ya juu ni nzuri kwa kifua. Ndevu zilimkua. Kinyozi mwenye ndevu. Wateja wakaanza kuvuka barabara kweli. Mwishowe akamwita Fakihi Si Lmekki, mtu mpole anayependa amani na keki za lozi. Fakihi alikaa uani, Hniya nyuma ya pazia la mlango, Maati kwenye ngazi ya tatu, maana hapo ndipo palipokuwa mpaka wake.

"Binti yangu," Fakihi alisema, "kiapo cha hasira kina dawa. Alishe maskini kumi, mambo yaishe."

"Maskini wamekwisha kulishwa, Si Fakihi, hotelini. Kwa kondoo wangu."

Fakihi alikohoa kwenye keki.

"Basi unataka nini?"

"Nilisikia haramu. Mtaa mzima ulisikia. Akinitaka, anioe upya kama wanavyooa watu. Ndoa mpya, mahari mpya."

"Mahari gani?"

"Cherehani. Ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu."

"Nitaitoa wapi, mwanamke?" Maati alilia kutoka ngazini. "Mimi sina kitu! Nina nini mimi?"

Pazia lilisogea kidogo. Hniya alitazama tu nje, kupitia mlango wa ua ulio wazi, mpaka dukani ng'ambo, ambako nikeli ya kile kiti ilikuwa bado inang'aa kwa kitambaa cha Arne. Fakihi naye akatazama. Mimi pia. Mwisho Maati akatazama, na nikamwona akishuka ngazi moja.

Alikihitaji kiti kuliko alivyomhitaji mkewe, au alimhitaji mkewe kuliko kiti? Ilimchukua wiki nyingine ya hewa nzuri ya kifua kuamua. Kisha wauza vyuma wa soko la Derb Ghallef wakaja na pesa na gari la punda. Kiti kiliondoka kimelazwa chali, miguu juu, naye alikisindikiza mpaka mwisho wa mtaa, mkono juu ya ngozi nyekundu, kama mtu anayesindikiza jeneza la mjomba tajiri aliyemnyima urithi. Thami alifungua mdomo, akamwona uso, akaufunga. Kila mtu ana siku yake moja ya adabu.

Ndoa ilifungwa uani kwa chai na tende. Bibi harusi alivaa kaftani ya kijani, bwana harusi alinyolewa na mtu mwingine. Nyumba yao haina mwanga, kwa hiyo Hniya alichagua pa kuiweka mahari yake mwenyewe: dukani, palepale kilipokuwa kiti, chini ya kioo. Maati sasa ananyoa watu kwenye stuli, pembeni, karibu na mlango, na mteja mwenye mabega mapana huomba radhi kwa Hniya kabla hajakaa.

Agosti iliyofuata mabingwa wengine walikuja, na miwani yao. Dukani mtu mmoja akasema eti safari hii wameleta mshambuliaji hatari. Maati akasimamisha mkasi.

"Huyo namjua," alianza. "Huyo, siku moja..."

Mguu wa Hniya ukaacha pedali. Cherehani ikanyamaza. Maati akatazama ule mguu, akatazama kichwa cha mteja, akaendelea kunyoa.

Picha za nahodha na wenzake hazipo tena ukutani. Juu ya kioo kuna kipande cha kadibodi, mwandiko ni wangu: "Pindo la suruali, dirham mbili."